Brigedi Si Kampuni

Otilia Mansilla alikuwa jikoni akimenya viazi vya matanga pale Bwana Ewaldo Brintrup alipobisha hodi. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vimelowa tope hadi kwenye kamba, maana alikuwa amepanda mlima kwa miguu mvuani, jambo ambalo hakuna mtu wa mlimani aliyewahi kumwona akilifanya. Chini mjini alikuwa na duka la dawa. Zaidi ya hilo, alikuwa Msimamizi Mkuu wa wazimamoto wa Puerto Raulí.

Chumba cha pili ndimo alimokuwa Arsenio, mdogo wake Otilia, ndani ya jeneza la mbao nyekundu lililokwisha kupigiliwa misumari. Majirani walikaa pembeni yake wakipokezana kikombe cha yerba mate, chai chungu ya majani, kila mmoja akivuta kwa bomba lile lile dogo la chuma na kumpa wa pili.

"Pole sana, Bi Otilia. Mji mzima unalia."

"Ahsante, Bwana Ewaldo. Sogea jikoni, kuna moto. Lile gari jekundu litafika saa ngapi kesho?"

Bwana Ewaldo akaanza kufuta miwani yake.

Puerto Raulí ni mji wa mbao. Kuta ni mbao, paa ni vigae vya mbao, na kila nyumba ina jiko la kuni linalowaka kutwa kucha, kwa hiyo moto ni mgeni anayejulikana. Wanaouzima hawalipwi hata senti. Ni wachinjaji, waalimu, wenye maduka, na ada wanatoa wenyewe. Kundi lao huitwa Kampuni. Mtu wa Kampuni akifa, jeneza lake hupandishwa juu ya gari jekundu la zimamoto, na kaburini huitwa majina ya wote. Likifika jina la marehemu, wenzake wote hujibu kwa pamoja: yupo. Na kila mwaka baada ya hapo huitwa tena, na tena wanajibu.

Lakini kundi jipya, ambalo wakubwa hawajalikubali bado, huitwa Brigedi. Mlimani kulikuwa na Brigedi. Otilia ndiye aliyeianzisha, baada ya nyumba ya Oyarzo kuungua hadi majivu huku gari la Kampuni limekwama topeni katikati ya mlima. Wakauza mikate na maandazi, wakanunua pampu ya mkono, Arsenio akaitengenezea mkokoteni. Kila mwaka waliomba waitwe Kampuni. Kila mwaka walijibiwa: bado.

"Ndiyo hilo lililonileta," alisema Bwana Ewaldo. "Gari ni la watu wa Kampuni. Na majina yanayoitwa ni ya watu wa Kampuni. Arsenio, Mungu amrehemu, alikuwa wa Brigedi. Taratibu sikuziweka mimi."

Otilia aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, jembamba, bila kukatika.

"Moto ulikuwa wapi juzi, Bwana Ewaldo?"

"Bi Otilia, unajua."

"Najua. Nataka kukusikia."

"Mtaa wa maduka."

"Nani alipanda na shoka kubomoa paa la ghala, moto usiruke nyumba ya pili?"

"Arsenio. Na likaporomoka naye."

"Na ile nyumba ya pili ni duka la nani?"

Bwana Ewaldo aliivaa tena miwani yake; lilikuwa duka lake la dawa. Yasna, binti wa Arsenio, alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Naye alikuwa wa Brigedi, na nyusi zake zilikuwa zimeungua upande mmoja.

"Alipokuwa juu ya paa mlimwita Brigedi, au mlimwita Arsenio?" aliuliza Yasna. "Mimi nilikuwepo. Mlisema, Arsenio, kata hapo. Hakuna aliyemwuliza karatasi."

"Tulia, mwanangu," alisema Otilia. "Mgeni hajamaliza. Mtu hapandi mlima huu na viatu vile kwa kuja kusema hapana tu."

Ni kweli, alikuwa hajamaliza. Alisogeza kiti karibu, akashusha sauti kama mtu anayepunguza bei. Walikuwa wamekutana, alisema. Wamekubaliana kwamba Arsenio aweza kuandikwa Kampuni leo hii, ingawa amekufa. Atapata gari, atapata kofia juu ya jeneza, ataitwa kila mwaka. Ila na wao wa mlimani wafute lile neno Brigedi pale kwenye banda la pampu. Wawe wasaidizi wa Kampuni, pampu iteremke mjini, na maombi ya kila mwaka yaishe.

"Ni heshima kubwa kwa ndugu yako," alimalizia.

Otilia aliweka kisu mezani. Alimlea Arsenio tangu akiwa na miaka minne. Alitaka lile gari. Alitaka kumsikia akiitwa, na huyu bwana alilijua hilo ndiyo maana akaja na bei yake.

"Kwa hiyo mnaweza," alisema polepole. "Kumbe taratibu hazizuii. Mnaweza kumwandika maiti, ila alipokuwa hai na mikono yake miwili mlikuwa hamwezi."

"Usilichukulie hivyo, Bi Otilia."

"Nilichukulieje? Umekuja kwenye matanga kuninunua kwa maiti yangu. Pampu teremsheni nyinyi, mkiweza kuipita nyumba hii."

Kesho yake Arsenio alikwenda makaburini juu ya mkokoteni wa pampu. Njia ilikuwa na utelezi. Vijana walivuta mbele kwa mpira wa maji na wanawake walizuia nyuma kwa kamba. Yasna alivaa koti la baba yake, lililomfika magotini. Watu wa Kampuni walisimama nje ya lango na sare zao, maana Bwana Ewaldo alikuwa amewakataza kuingia kama Kampuni.

Otilia aliita majina mwenyewe, kutoka kichwani, bila kusoma popote. Kila aliyeitwa alijibu kwa sauti yake. Kisha akaita, "Arsenio Mansilla."

"Yupo," walijibu wa mlimani.

Kutoka nje ya lango sauti nyingine ilijibu pia, imechelewa kidogo. Ilikuwa ya Nibaldo, dereva wa gari jekundu, aliyekuwa amemshikia Arsenio ngazi siku ya moto. Alikuwa amevua kofia. Wenzake wawili watatu wakajibu baada yake, huku wakitazama chini. Bwana Ewaldo aligeuka kuona ni nani na nani.

Baadaye wote walipanda nyumbani kwa Otilia kula, hata Bwana Ewaldo, maana mlimani hakuna anayenyimwa sahani siku ya msiba. Otilia alipakua mchuzi wa kuku, boga na viazi. Alimsukumia Nibaldo kiti karibu na jiko akaushe soksi.

"Unajua umefanya kosa, Bi Otilia," alisema Bwana Ewaldo, amesimama katikati ya chumba. "Kuita majina ni haki ya Kampuni. Itabidi nipeleke taarifa."

"Peleka. Andika pia kwamba tulijibiwa."

Akampa sahani yake, imejaa vizuri, na kipande cha paja. Kiti hakumpa.