Alama Niliyoiruka

Jumapili ile kanisani kwetu Halifax, waumini wakitoka, Bwana Lumb alipiga wimbo wangu kwenye kinanda.

Nilisimama kama nguzo, nimembeba mwanangu mchanga Maudie. Wimbo ule niliutunga jikoni, nepi zikichemka, nikautuma kwenye shindano la watunzi. Huko jina huandiki. Unaandika neno la siri juu ya karatasi, na jina unalifungia kwenye bahasha isiyofunguliwa mpaka mshindi apatikane. Ukijitaja kabla, umejitoa.

"Labda mmeota ndoto moja," mume wangu Clem alininong'oneza.

"Sikiliza hapo! Na kosa kalichukua!"

Kosa lilikuwa langu. Nikinakili nakala ya mwisho, Maudie alilia, nikaruka alama ya kupandisha noti. Rasimu yangu nyumbani haina kosa hilo. Basi kaiona nakala yenyewe.

"Mwizi huyo. Kamuulize," Clem alisema.

"Nikidai ni wangu, nimejitaja."

Nikamwendea hivyo hivyo. "Wimbo mtamu, Bwana Lumb. Umetunga wewe?"

Aliinua mikono upesi kama aliyefumaniwa. "Mimi? Ningekuwa na kipaji hicho, ningekaa hapa na kinanda chenye panya?"

"Wa nani basi?"

"Sijui." Akaanza kufuta miwani iliyokuwa safi. "Wa kijana fulani, nadhani. Mwandiko wake mzito kama wa seremala."

Seremala! Mtu hajui ni wa nani, ila mwandiko anaujua? Nikanyoosha mkono, nikapiga kipande kile, noti imepanda inavyotakiwa.

"Mimi hapa ningepandisha."

Alitazama wino kidoleni mwangu, akamtazama Maudie.

"Nilihisi pana kasoro," alisema taratibu. Kisha akainua kiganja. "Bibi Ackroyd, usiniambie neno! Bahasha hazijafunguliwa, na mimi ni mwamuzi. Hata kuupiga hapa nimekosea. Wimbo huu umeniganda kichwani wiki nzima."

"Sijasema kitu."

"Wala mimi sijasikia. Ila kijana huyo angekuwa hapa, ningemwambia atunze rasimu yake. Wimbo ukishinda, wapigaji wataihitaji."

Njiani Clem akauliza, "Unamwamini?"

"Nataka kumwamini."

Nilipofika nyumbani niliandika tarehe kwenye rasimu, nikaificha chini ya nepi za Maudie. Hapo hata mwamuzi hapekui.