Kiti Kisichojua Kukataa

"Kitendawili, kaka."

"Tega."

"Ninaye mtumishi, ukimuuliza lolote anakubali."

Bwana Sukari, mjumbe wa nchi jirani, alikuna kidevu akashindwa.

"Kiti kitupu," alisema Mama Pamba.

Alikijua vizuri. Mkutano wa biashara wa nchi zote hauna kura: jambo husomwa, na asipopinga hata mmoja aliyemo chumbani, limepita. Nchi kubwa huja na wajumbe ishirini, kila chumba na mtu wao. Nchi yake ilimleta yeye na begi lake. Mwaka jana, akiwa chumba cha pili akitetea mbegu, kifungu cha pamba kilisomwa chumba cha tano, kikaahirishwa mbele ya kiti chake kitupu. Kifungu hicho ndicho kingezuia ruzuku za nchi tajiri, zinazoifanya pamba ya mama yake, aliyoichuma hadi vidole vikatoka damu, ikose bei.

Leo saa nane ilikuwa vilevile: hotuba yake ya mbegu chumba cha pili, pamba chumba cha tano. Asubuhi alikuwa amemlindia Bwana Sukari kifungu chake. Sasa zamu ya mwenzake kumkalia chumba cha tano.

"Usisinzie, kaka."

"Nisinzie kwenye viti vigumu kama kisigino cha bibi yangu?"

Mama Pamba alisoma hotuba yake, masikio yakiwa chumba cha tano. Mlangoni alikuwa amewaona wajumbe wa nchi kubwa wakimshika Bwana Sukari bega: kaa kimya, na sukari yako tutaitazama. Mtu ana watoto wake, ana wakulima wake. Angemlaumu vipi?

Saa kumi Bwana Sukari alitokea ukumbini, uso umekauka kama ukuta.

"Kitendawili," alisema.

"Tega, usinitese."

"Mwaka jana kilikubali kila kitu, leo kimekataa."

Mama Pamba aliketi.

"Walipotaka kuahirisha kifungu chako tena, nikapinga. Mwenyekiti akaniuliza, wewe unalima pamba wapi? Nikamwambia silimi, ila sijaja hapa uchi."

Mama Pamba alicheka mpaka akavua viatu, vilivyokuwa vikimbana tangu asubuhi.

"Na sukari yako, je?"

"Si umeilinda wewe? Itakwenda wapi?" Akafunua ratiba. "Kesho saa tatu nina vyumba viwili, dada."

"Nionyeshe kilicho karibu," alisema, akitafuta kalamu. "Sivivai hivi viatu tena."