Mbabula ya Midomo Miwili

Ana midomo miwili na hana jino hata moja. Akisimama anatema kulia na kushoto. Akitembea anatema nyuma. Fikiri jibu wakati ninakusimulia, maana ndilo lililomponya mjukuu wangu Najma.

Marehemu mume wangu Shafi alikuwa fundi wa mbabula hapa mtaani Hewa Bora. Alikunja bati, akaligonga, na watu walitoka mbali, hata Lukafu, kununua majiko yake ya makala, yaani makaa. Sheria yake ilikuwa moja: kilichopinda kimeharibika. Jiko likitoka kombo alilitupa kwenye rundo nyuma ya choo, hata mteja akililia. Najma alikulia katika ua huo. Kabla hajajua kusoma, alikuwa anafumba jicho moja na kusema, "Kambo, hii imepinda. Tupa!" Kambo kwetu ni babu, na ni bibi pia.

Sasa yuko université, anasoma fizikia. Alhamisi moja alirudi mchana, akaketi kwenye kizingiti bila kuvua viatu.

"Kuko nini, mama?" nikamuuliza.

"Asistani Paulin atanifukuza mu kikundi, Kambo. Jumamosi, kama sina jibu, nafasi yangu anapatia Guelor."

"Guelor ule wa kupaka ndevu mafuta?"

Akacheka, kisha akalia.

Asistani ni mwalimu wao msaidizi, na kazi ya kikundi chao ni picha za mbinguni. Najma alinieleza polepole, kwa sababu mimi shule yangu iliishia primaire. Galaksi ni kundi la nyota zisizohesabika. Katikati yake kuna shimo jeusi, zito ajabu. Gesi inayolizunguka, nyingine inamezwa, nyingine inarushwa nje kama michirizi miwili, mmoja huku na mmoja kule, kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga. Michirizi hiyo inafika mbali kupita galaksi yenyewe. Jicho haliioni. Inashikwa na antena kubwa, kwa mawimbi ya redio.

"Redio ya kutangaza habari?"

"Inatangaza, Kambo, lakini haina muziki."

Alikuwa amepewa picha mia mbili azipange kwa maumbo. Kumi na moja alizitoa, akaandika: zimeharibika.

"Ulizitoa juu ya nini?"

"Zilipinda! Ya kweli iko sawa rula, huku na huku. Asistani akaniuliza, nani alikuambia kama kintu ya mbinguni ikipinda imeharibika? Akanipa mpaka Jumamosi nimujibu."

Nilijua nani alimwambia. Yuko kaburini, na alipokuwa akisema, mimi nilikuwa naitikia.

Akanionyesha picha moja. Nukta katikati, nyuzi mbili zinatoka pembeni, halafu zote zinageukia upande mmoja. Niliitazama sana. Hiyo sura nilishaiona, na si mbinguni.

Kesho yake asubuhi, upepo haujaamka, niliwasha mbabula yangu. Na hapa niungame: hiyo mbabula niliiokota kwa siri kwenye rundo la Shafi. Ni kombo, ina matundu mawili pembeni, moja linatazama huku na moja kule. Nimeipikia miaka ishirini. Nikatia maganda mabichi ya mahindi juu ya makala, nikafunika na sahani ya bati. Moshi ukatoka kulia na kushoto.

"Beba. Pelekea mama Mapalo moto."

Kwetu ndivyo ilivyo: anayewasha wa kwanza anampelekea jirani. Najma akashika waya wa kuibebea, akaenda zake amekunja uso. Hatua tano, moshi wa kulia ukarudi nyuma. Wa kushoto nao ukarudi nyuma. Akasimama, ukanyooka tena. Akatembea, ukapinda. Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi.

"Ee Najma!" mama Mapalo akapiga kelele kutoka mlangoni pake. "Moto unaniletea ao unautembeza?"

"Kambo!" Najma hakumsikia hata. "Haikuharibika! Iko inatembea!"

Akaweka mbabula chini katikati ya njia, akaanza kunieleza mimi niliyemtuma. Galaksi nyingine zinaishi pamoja kama kijiji, na kati ya nyumba hizo kuna gesi nyepesi, ya moto sana. Galaksi ikikata mbio ndani yake, gesi inasukuma michirizi yote miwili nyuma. Ukiona ilivyopinda, unajua galaksi inakoelekea.

"Na moto wangu unaelekea wapi?" akauliza mama Mapalo.

Jumamosi nilishindwa hata kusonga bukari, ugali wetu. Saa nane mlango ukafunguliwa.

"Tisa nimezirudisha," akasema Najma. "Mbili ziliharibika kweli, antena ilikosea."

"Basi Shafi hakukosa yote."

"Hakukosa yote." Akavua viatu. "Asistani akaniuliza ni mu kitabu gani nilisoma. Nikamujibu, mbabula ya Kambo. Guelor akacheka. Asistani hakucheka. Zile tisa ndiyo kazi yangu sasa, mimi mwenyewe."

Jumapili alikwenda nyuma ya choo, akachagua jiko moja kwenye rundo, akalifuta vumbi, akampelekea mama Mapalo. Mama Mapalo akaligeuza, akaligeuza tena.

"Lakini hii imepinda."

Najma akafumba jicho moja, kama zamani.

"Imepinda, mama. Washa tu."