Wengine Wanaoishi Humu

Jina la Bi Sindano alilipata kwa mambo mawili: alishona sare za shule kwa miaka thelathini na minane, na ulimi wake ukikuchoma, lazima utafute pamba. Kwa hiyo mkaguzi wa kodi ya majengo alipopiga hodi, bwana mnene mwenye mafua na leso mkononi, alipokewa hivi: "Karibu, baba. Viatu viache hapo nje. Deki nimepiga mimi, si serikali."

Na alikuwa amemwita mwenyewe. Sheria ya pale ilisema mzee aliyetimiza miaka sitini na mitano, anayeishi kwenye nyumba yake bila mtu mzima mwingine mwenye kipato, anasamehewa kodi. Bi Sindano alikuwa na sabini na mmoja. Mdogo wake, muuguzi mstaafu wa mtaa wa pili, ndiye aliyeifuata fomu na kumjazia, maana macho ya dada yaliishia kwenye cherehani. Nakala ya kitambulisho wakaweka, hati ya nyumba wakaweka, picha mbili ndogo, barua ya mtaa yenye muhuri. Palipoandikwa "Watu wengine wanaoishi humu", Bi Sindano alisema paachwe wazi kwanza. Mdogo wake alimtazama, akapaacha.

Mkaguzi akaona sebule, akaona jiko, akaona chumba cha mwenye nyumba. Halafu akafungua mlango wa pili kulia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka iliyopigwa pasi. Chini, jozi mbili za viatu vya kiume zimeng'arishwa. Shati la buluu lilining'inia ukutani, na mezani palikuwa na wembe mpya ndani ya kikombe.

"Hapa analala nani, mama?"

"Mwanangu."

"Ana umri gani?"

"Mwezi wa nane anatimiza thelathini na tisa."

"Anafanya kazi?"

"Sikuzaa mvivu, baba."

Mkaguzi akaandika, akapenga kamasi, akaaga. Bi Sindano alimsindikiza hadi getini, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila mtu kumuuliza habari za mwanawe.

Wiki tatu baadaye ikaja barua: ombi limekataliwa, nyumbani yumo mtu mzima mwenye kipato. Mdogo wake aliisoma mara mbili, kisha akavua miwani.

"Dada, ulimwambia nini yule bwana?"

"Aliniuliza chumba cha nani. Ulitaka niseme cha panya?"

"Mtoto hajakanyaga hapa miaka kumi na mmoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Aliaga anakwenda mbali kutafuta kazi, akipiga simu leo kwa namba hii, kesho kwa namba ile, mpaka mwaka wa pili simu zikakatika. Mama alikwenda polisi hadi wakamjua kwa mwendo. Mdogo mtu alipekua madaftari ya hospitali zote alikokuwa na marafiki. Hakumkuta kwa wagonjwa, hakumkuta kwa marehemu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huu wa Bi Sindano haukuwa na kaburi la kuulilia.

"Tuna siku thelathini za kukata rufaa," mdogo wake alisema. "Unaandika kwamba haishi hapa. Basi. Hakuna aliyekwambia uandike amekufa."

"Nikiandika hayupo, nimemfukuza kwa mkono wangu."

"Cherehani uliuza kulipia kodi ya mwaka juzi. Ya mwaka jana hujalipa, ya mwaka huu hujalipa, na ilani ya mnada umeificha chini ya godoro, nimeiona nikitandika. Sasa niambie, dada. Nyumba ikipigwa mnada, siku akirudi atagonga mlango wa nani?"

Bi Sindano alivuta khanga usoni akalia, na mdogo wake akalia naye, maana yule mtoto alipozaliwa, aliyempokea wodini kwa mikono yake ni yeye.

Jumatatu walikwenda. Karani alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Aliwapa fomu ya rufaa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mdogo mtu akajaza mpaka alipofika palepale, "Watu wengine wanaoishi humu", na Bi Sindano akainyakua kalamu.

"Hapa naandika mwenyewe."

Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Aliandika polepole, herufi baada ya herufi, kama anayepiga pindo: Hakuna. Neno moja tu, likamtoa jasho. Karani akaweka sahihi, akagonga muhuri, akawaambia kwa kuwa kila kitu kimetimia msamaha utapita, na deni la nyuma litafutwa.

"Huu msamaha ni wa siku zote?" Bi Sindano aliuliza.

"Hapana, mama. Kila mwaka, mwezi kama huu, unakuja unasaini tena kwamba hali ni ileile."

"Na ikibadilika?"

"Akihamia mtu mzima mwenye kipato, unatujulisha. Msamaha unafutwa, unaanza kulipa."

"Nalipa wapi?"

"Mama, si nimekwambia utasamehewa?"

"Nimekuuliza nalipa wapi."

"Dirisha namba sita. Kule mwisho."

Bi Sindano aligeuka akatazama. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamekunja nyuso, kila mmoja akimlalamikia mwenzake. Aliwaonea wivu, mmoja mmoja.

"Siku hiyo nitakuja mbio," alimwambia karani. "Na miguu hii hii mibovu. Nitalipa, na hayo ya nyuma mliyofuta nitalipa."

Mdogo mtu alimshika dada mkono, wakatoka.

Huu sasa ni mwaka wa nne. Kila mwaka Bi Sindano anakuja, anainama, anaandika Hakuna. Lakini kabla hajashika kalamu humuuliza karani kama dirisha namba sita bado lipo, na karani humjibu kwamba lipo.