Tumbaku Katika Mitungi ya Jamu

Kopo lilipofunguka, Futi alipiga ukelele uliomfikisha dada yake barazani akiwa bado ameshika mwiko. Juu ya tumbaku, mahali palipokuwa na majani ya rangi ya kahawa iliyokolea, sasa palikuwa pameota manyoya meupe yenye ukijani pembeni, laini kama kifaranga cha siku moja.

"Imekufa," alisema Futi. "Dada, tumbaku yangu imekufa."

Dada yake alikuwa mpika jamu, mwanamke wa miaka sitini na minne aliyezoea kuutazama ukungu kwa jicho la askari anayemjua mwizi wake. Aliinama, akanusa, akakunja pua, kisha akachokoa kitu kwa ncha ya mwiko. Kilikuwa kipande cha kiazi.

"Hiki kimefuata nini humu?"

"Nimekiweka mimi. Walisema kinazuia majani yasikauke."

"Akina nani hao?"

"Watu tu," alisema Futi, akijikuna kisogo.

Jina hilo la Futi alilipata akiwa mpima ardhi. Kwa miaka thelathini na tano alitembea na futi ya chuma mfukoni, na hata baada ya kustaafu hakuacha kupima: mara urefu wa mkate, mara upana wa dirisha, mara kivuli cha ukuta saa sita mchana. Alihamia kwa dada yake miezi saba iliyopita, "kwa muda tu," nyumba aliyopanga ilipobomolewa. Tangu hapo wawili hao waliishi kama wageni wa hoteli moja. Yeye na kiko chake barazani, dada na masufuria yake jikoni. Walisalimiana asubuhi na kuagana jioni, na katikati ya salamu hizo hakuna la zaidi. Moshi ulikuwa ukimkera dada. Ukimya ulimkera zaidi. Alikuwa amekwisha kata kauli kwamba atamwambia atafute kwake. Maneno alishayapanga vizuri, yasiumize sana. Kilichobaki ni siku ya kuyasema.

Asubuhi ile alifungua mdomo ayaseme.

"Ndiyo ya mwisho," Futi akamtangulia. "Yule mzee anayenichanganyia tumbaku amefunga duka. Mikono inamtetemeka, kisu hakishikiki tena. Na mchanganyiko wake hakuuandika popote, uko kichwani mwake tu. Siku ya kufunga akanipa kila kilichobaki. Kopo hili na vifurushi vinne. Nilipiga hesabu. Nikivuta kiko kimoja kila Jumapili, ingenifikisha miaka kumi. Dada, wewe ndiwe unayejua kuhifadhi vitu. Nifanyeje?"

Katika maisha yao yote Futi hakuwahi kumuuliza dada yake jambo lolote kuhusu kazi yake. Kwake yeye jamu ilikuwa kitu cha kupaka kwenye mkate, basi. Swali lile lilimshtua mpika jamu, likampa joto la ghafla kifuani, na yale maneno aliyoyapanga yakamponyoka.

"Vifurushi viko wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Umevitia viazi?"

Futi alikitazama kiko chake.

"Futi!"

"Viwili. Viwili tu!"

Walikimbilia chumbani, ndugu wawili wenye magoti mabovu, wakapigana vikumbo mlangoni. Futi alilala kifudifudi akavivuta vifurushi kimoja kimoja, na dada yake akavipokea kama mkunga. Cha kwanza kilikuwa kimeshaota manyoya. Hakuna la kufanya, kikawekwa kando pamoja na kopo. Cha pili kilikuwa kimelowa. Futi alileta kioo cha kukuzia alichosomea ramani, wakagusanisha vichwa juu ya majani, wakakagua kila pembe huku wakizuia pumzi kwa hofu ya kuyapeperusha.

"Safi," alisema dada.

"Una hakika?"

"Safi, nakwambia! Lakini tukichelewa mpaka kesho, nacho kitaoza. Lete sinia zote mbili. Na feni."

"Tusianike juani?"

"Jua litakunywa harufu yote ubaki na nyasi. Kivulini, na upepo mdogo. Haya, miguu!"

Vifurushi viwili ambavyo havikutiwa kiazi vilikuwa na shida ya kinyume. Vilikauka hadi vikawa vinalia kama makaratasi. Hivyo mpika jamu alivimimina katika bakuli pana, akafunika kwa kitambaa alichokilowesha na kukikamua sana, kisiguse majani. Basi jikoni pakawa na kazi mbili zinazokimbizana: huku majani yanyang'anywe maji, kule yarudishiwe. Kila baada ya muda alikwenda kubana kidogo kwa vidole vitatu.

"Nioneshe," alisema Futi.

"Bana, kisha achia. Ikibaki tonge, bado ni mbichi. Ikivunjika, imepitiliza. Tunataka ijikunjue yenyewe, taratibu, kama mtu anayeamka bila kuitwa."

Futi alibana, akaachia, akatazama. Kisha akamtazama dada yake.

"Kumbe na wewe ni mpimaji," alisema.

Mpika jamu aligeukia sinia haraka, akajifanya anazichambua.

Ilipofika saa nane bakuli likawa tayari. Saa tisa, sinia. Dada alichukua konzi moja akainusa, kwa kazi tu, kujua kama imepona, akajikuta anainusa tena. Kulikuwa na zabibu kavu mle ndani, na ngozi ya viatu vipya, na kitu cha mbali kama asali iliyoungua chini ya sufuria. Miezi saba alikuwa akiufungia mlango moshi wa kitu hiki, na hakujua kinanukiaje kabla ya kuchomwa.

"Tunaiweka wapi sasa?" Futi aliuliza. "Kwenye mifuko?"

"Mifuko inapumua." Akatazama rafu. Mitungi kumi ya kioo ilikuwa imepangwa pale, imechemshwa na kukaushwa, ikingoja jamu ya kesho. Alisita kwa muda wa pumzi moja.

"Shusha hiyo."

"Na jamu?"

"Jamu itasubiri, matunda bado yako mtini. Usiguse mipira ya zamani ya vifuniko, imeshika harufu ya tangawizi. Mipya iko kwenye droo."

Walijaza pamoja. Futi alimimina, dada akashindilia kwa kitako cha mwiko, isiachwe nafasi ya hewa wala isibanwe ikakosa kupumzika. Kila kifuniko kilipobana, kilitoa mlio mdogo wa "tap," na kila mlio ukawachekesha zaidi ya ule uliotangulia, hata wakawa wanacheka bila kujua kwa nini. Mitungi minane ilijaa pomoni. Futi akaketi kuandika vibandiko kwa mwandiko wake wa ramani, herufi zimesimama wima kama nguzo.

"Niandike ifunguliwe lini? Mzee alisema ikikaa gizani bila kusumbuliwa inazidi kuwa tamu. Miaka mitano, alisema."

Miaka mitano. Mpika jamu alisimama na mtungi mkononi, akahesabu kimyakimya umri wake, kisha wa mdogo wake.

"Andika mitano," alisema. "Na mmoja uandike saba, tuone tofauti."

Kalamu ya Futi ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.

Waliipanga ndani ya kabati la chini, mbali na jiko, penye giza na ubaridi. Mtungi wa tisa ulibaki nusu.

"Huu hautakaa," alisema dada. "Una hewa nyingi. Inabidi uvutwe."

"Leo si Jumapili."

"Nani amekuuliza siku?"

Futi alitoka nao barazani. Alikuwa anajaza kiko kwa kidole gumba aliposikia kiti kinaburutwa nyuma yake. Dada yake aliketi, akavua aproni, akaikunja mapajani. Kiberiti kiliwaka. Futi alivuta mara ya kwanza, akafumba macho, kisha akayafumbua kwa wasiwasi.

"Moshi utakufikia hapo."

"Upepo unakwenda kwa jirani," alisema dada yake, na moshi ukamzunguka nywele, mweupe, bila haraka.