Dawa ya Mwiba wa Taa

Mimi ni mtu wa Njombe, na miguu yangu imezoea vilima: nainyanyua. Jirani yangu mama Nelio alishaniambia mara nyingi kwamba kwenye maji ya bahari huku Msimbati mguu unaburuzwa, ili samaki taa aliyejifukia mchangani asikie na kuondoka. Nilikuwa nasikia, halafu nasahau.

Nilikuwa nimebembeleza muda mrefu hadi yeye na wenzake wakubali niende nao kutafuta pweza maji yakitoka. Nilikuja huku kumfuata mume wangu Joshua, anayefundisha shule ya msingi, na nilikuwa nimechoka kuitwa mke wa mwalimu. Nilitaka nami niwe na wenzangu. Basi siku hiyo nikanyanyua mguu, nikakanyaga taa, na mwiba ukaingia juu kidogo ya kisigino.

Sijawahi kupata maumivu ya namna ile, hata uchungu wa kumzaa mwanangu Glory ulikuwa na mapumziko. Walinibeba hadi kibanda cha karibu, wakachemsha maji, wakauzamisha mguu kwenye beseni la maji hayo ya moto. Nikawa nangoja neno moja tu. Kwetu hata ukijikwaa barabarani, mtu usiyemjua atakupa pole. Hawa hawakunipa.

"Mama Glory," akasema mama Nelio, huku ameushika mguu wangu usitoke majini, "na ule wali wako wa Jumapili? Mbichi. Tuliula kwa aibu tu."

"Na chumvi hakuna," akadakia Claudia, shoga yake.

Nilidhani sikusikia vizuri. Wakaendelea: nyumba yangu haifagiliwi uani, sauti yangu kwenye kwaya inawapoteza wenzangu, mtoto wangu hasalimii. Nikapandwa na hasira. Nikawajibu yote, moja baada ya jingine, na kuhusu Glory nilijibu kwa kelele. Maji yalipoanza kupoa nikagundua kwamba mguu ulikuwa umebaki na maumivu madogo tu, ya kuvumilika.

Mama Nelio akaufuta kwa kanga yake. "Wali wako hauna neno," akasema. "Sasa pole."

Njiani nilimuuliza Claudia, maana mambo kama haya hayanipi usingizi. Kwa nini matusi kwanza?

"Mwiba wa taa hautaki pole, dada. Ukipewa pole unaulilia, ukiulilia unapanda mpaka kiunoni. Ukikasirika unausahau. Sisi tulilelewa hivyo."

Nililipenda jambo hilo kupita kiasi. Wiki nzima nilimsumbua Joshua nalo: kufariji, kuliwaza, kutuliza, kupoza, maneno yote hayo tunayo, na hawa wanawake wanatibu kwa ugomvi. Joshua akasema nisije nikamtibu yeye.

Haukupita muda, habari ikaja kutoka ng'ambo ya Ruvuma kwamba mama yake mama Nelio amefariki na ameshazikwa. Nikaenda msibani. Alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake, macho makavu, na kila aliyeingia alimpa pole na yeye akaitikia kwa kichwa. Nikaona wanakosea. Nikaona mimi ndiye mwenzake, ninayeijua dawa yake.

Nikapiga magoti mbele yake. "Mama Nelio," nikasema, na nilisema kwa nguvu, "kile kisamvu chako cha Pasaka kilikuwa na mchanga."

Claudia akaangalia chini. Nikatamani maji ya bahari yaje mpaka pale mlangoni yanichukue.

Mama Nelio akanishika mguu, palepale juu ya kisigino, kwenye kovu.

"Hiyo ni dawa ya mwiba, mama Glory," akasema taratibu. "Mwiba umeshatoka. Huyu mama yangu hatoki. Mimi nataka pole."

"Si wamekupa wote?"

"Wewe hujanipa."

"Pole," nikasema. "Pole, mama Nelio."

Ndipo machozi yakamtoka. Aliegemea bega langu akalia kwa sauti, na wenzake wakasogea kunipisha nikae vizuri kwenye mkeka.

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena.