Dawa ya Magoti ya Shemeji

Fundi saa hakuwahi kuelewana na yule paka. Mkewe ndiye aliyemwokota mtaroni, miaka kumi na nne iliyopita, akamlea kama mdogo wake wa tumbo moja. Ndiyo maana fundi akamwita Shemeji. Waliishi nyumba moja kwa heshima ya mbali, kila mtu na lake.

Mke alipofariki, wakabaki wawili. Kila jioni Shemeji aliruka kitandani, akajikunja upande wa marehemu na kumpa fundi mgongo. Kisha ikafika siku akasimama chini, akapima kwa macho, akatikisa kiuno, akaghairi. Kesho yake alijaribu, akadondoka. Akaanza kujilamba kana kwamba hakuna lililotokea. Fundi naye akageukia ukutani, asije akamwaibisha.

Asubuhi hakufungua duka. Alimtia Shemeji kwenye kikapu, wakaenda kwa daktari wa mifugo, mwanamke mwenye mikono ya taratibu. Alimpapasa nyonga, akamkunja miguu mmoja mmoja.

"Viungo vimelika, mzee. Ni uzee tu."

"Mimi nina vidonge vyangu vya magoti. Si nimkatie nusu?"

"Usithubutu! Dawa za watu zinaua paka." Akamkabidhi kikopo. "Huu ni unga wa dawa ya viungo. Kijiko kidogo kwenye chakula, kila siku. Ila nisikudanganye, mzee: wengine unawasaidia, wengine wala. Na usitegemee kitu kabla ya wiki sita."

Shemeji alinusa unga ule mara moja tu, akasusa. Fundi akauchanganya na samaki, akauchanganya na mchuzi. Wapi! Siku ya tatu binti yake akapiga simu.

"Baba, umekula?"

"Shemeji hajala."

"Nimekuuliza wewe."

Fundi akachungulia sufuria jikoni. Hakukumbuka.

"Baba, mama alikuwa akimlisha kwa kidole. Hukuwahi kuona?"

Hakuwahi. Jioni ile alichemsha samaki wa kuwatosha wawili, akaketi sakafuni, magoti yakimlia, akachovya kidole kwenye supu yenye unga. Shemeji alimkazia macho kama mteja anayeshuku bei. Halafu akalamba. Ulimi ulikwaruza kama msasa.

Ikawa ndiyo kazi yao ya kila jioni. Ili kidole kisichoke, fundi alipiga soga: saa iliyomshinda, mteja msumbufu. Siku moja, bila kukusudia, akaanza kumsimulia Shemeji habari za mkewe, ambaye tangu mazishi hakuwa amemtaja kwa mtu. Paka akaendelea kulamba, naye akaendelea kusema.

Alimgongea ngazi ya vibao vitatu kando ya kitanda, akaitandika kipande cha zulia. Wiki ya saba Shemeji aliipanda, taratibu kama bibi harusi. Kuruka hakurudia tena. Kama ni unga, au ngazi, au kule kulishwa, hata daktari hakuweza kusema.

Alasiri moja paka alitoka chumba cha kulala, nyuma ya duka, akaja dukani kwa miguu yake mwenyewe, akasimama mbele ya kiti cha fundi na kulia. Fundi akaweka kibano chini, akamwinua. Shemeji akazunguka pajani mara mbili, akalala.

Mteja aliyekuwa akingoja saa yake akakohoa. "Fundi, vipi?"

"Njoo kesho, ndugu yangu," fundi akanong'ona. "Leo siwezi kuinuka."